Wimbo Unaokutosha

Mjini Kobe, Japani, kabla ya mwaka 1971, mpiga kinanda wa vilabu vya usiku aitwaye Inoue Daisuke alikuwa na mteja mmoja, mkuu wa kampuni, ambaye mapigo ya muziki yalimpiga chenga. Mteja huyo alipenda kuimba, na alipenda kuimba na Inoue tu, kwa sababu Inoue alikuwa akimfuata. Akichelewa, kinanda kilimngoja. Akikimbia, kilimkimbilia. Siku mteja alipotaka waende pamoja kwenye chemchemi za maji moto, Inoue hakuweza kuondoka, akamrekodia mkanda wa muziki mtupu uliopimwa kwa uimbaji wake. Mteja akaenda na mkanda, akaimba, akafurahi. Mwaka 1971 Inoue na wenzake wakaunda mashine 11 za kutia sarafu, zenye kipaza sauti na mikanda ya namna hiyo, wakazikodisha kwa mabaa ya Kobe. Hataza hakuiomba.

Naikumbuka habari hii kila ninaposikia mtu akiidharau karaoke ya watu wazima. Asili yake ni muziki kumsogelea mtu mwenye sauti yenye mipaka, na huko ndiko ulikozaliwa ufundi ninaotaka kuusifu: kumchagulia wimbo mwepesi mwimbaji aliyekwisha kuvuka miaka arobaini na mitano.

Sauti ya umri huo ina tabia zake. Gegedu za koo zimeanza kukakamaa, mapafu hayavutiki kama zamani, na pumzi iliyokuwa ikitosha mstari mzima sasa inaishia katikati. Kwa wanawake wengi sauti hushuka baada ya hedhi kukoma. Nota za juu ndizo hutangulia kuaga. Kinachobaki ni sauti ya kati, ile ambayo mtu huzungumza nayo na wanawe, na mara nyingi sauti hiyo ina uzito na ukweli ambao haikuwa nao ujanani. Mchaguaji hodari hutafuta wimbo unaokaa hapo hapo, usiomlazimisha mwimbaji kuuacha uwanja wake.

Chukua "Kitaguni no Haru", wimbo alioutunga Endo Minoru na kuimbwa na Sen Masao mwaka 1977. Unamhusu mtu wa kaskazini anayeishi mjini, mbali na kwao, na kifurushi alichotumiwa na mama yake ndicho kinachomkumbusha kwamba huko nyumbani majira yamegeuka. Muziki wake umejengwa juu ya ngazi ya nota tano ambayo Wajapani huiita yonanuki, yaani ngazi ya kawaida iliyoondolewa nota ya nne na ya saba. Ukiziondoa hizo mbili, nusu-toni zote, yaani hatua fupi kuliko zote kati ya nota, zinatoweka. Kila hatua iliyobaki ni toni nzima au zaidi. Mwimbaji wa kwaya atanielewa mara moja, maana nusu-toni ndipo sauti ya mtu asiye na mazoezi huteleza, ikashuka kidogo na kuwachoma wasikilizaji sikio. Katika wimbo wa Endo hakuna pa kuteleza. Mtu wa miaka hamsini na tano, aliyechoka na kazi, anauimba na kila nota inatua mahali pake, naye anabaki na nafasi ya kumfikiria mama yake. Wepesi huo ni kazi ya mtunzi. Endo aliuweka mle kwa makusudi ya fundi anayemjua mvaaji wa nguo anayoishona.

"Ue o Muite Arukō" nao una rehema ya aina hiyo. Nakamura Hachidai aliutungia muziki, Ei Rokusuke akaandika maneno, na Sakamoto Kyū akauimba mwaka 1961. Mwaka 1963 ulishika namba moja Marekani ukiwa bado kwa Kijapani. Sehemu yake kubwa imo katika nota tano zile zile, na upana wake hauzidi sana oktava moja. Tena kuna pale Sakamoto anapoacha maneno na kupiga mluzi. Kwa mwimbaji mtu mzima mluzi huo ni pumziko la kifua, na aghalabu meza nzima humsaidia.

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na silabi zake karibu zote huishia kwenye irabu, kwa hiyo mdomo haukwami. Hata ile "n" yao inayosimama peke yake kama pigo kamili tunaijua, maana "m" ya "mtu" nayo ni silabi tunayoihesabu kwenye mizani. Nyimbo nyingi za enka, muziki wao wa majonzi na ugenini, hupangwa kwa mafungu ya mizani saba na tano, na mwisho wa fungu ndipo mahali pa kuvuta hewa. Aliyezoea kughani shairi atapaona kabla hajaambiwa.

Mtego mkubwa uko kwenye nyimbo za polepole. Watu hudhani polepole ni rahisi, kumbe nota ndefu ndiyo inayokausha pumzi na kutangaza kila mtikisiko. "Kawa no Nagare no Yō ni" ya Misora Hibari ndio mfano wake. Ulitoka Januari 1989, yeye akiwa na miaka 51, na Juni mwaka huo huo akafariki. Kila mtu mzima Japani anaupenda, na ana haki. Lakini beti zake ziko chini kabisa, karibu na kunong'ona, kisha kiitikio kinapanda ghafla. Anayeanza kwa kii, yaani kimo cha kuimbia, inayomfaa chini atakwama juu. Anayeishusha kwa ajili ya kiitikio, beti zitammezea sauti. Kwa anayeimba kwa mara ya kwanza ningemwelekeza kwenye "Ito" ya Nakajima Miyuki, ya mwaka 1992, ambayo pia ni ya utulivu lakini beti zake hazitoki mbali na sauti ya kuongea.

Wanaoujua ufundi huu kuliko wote ni wanawake wanaoendesha zile baa ndogo za mitaani ziitwazo sunakku. Wateja humwita kila mmoja wao "Mama". Mtazame kazini. Mteja anataja wimbo, Mama anauandika kwenye kishikwambi cha mashine, na kabla muziki haujaanza kidole chake kimekwisha kubonyeza kitufe cha kii mara mbili kwenda chini. Hajaulizwa, wala hatangazi. Amemsikia mteja akizungumza tangu alipoingia, amesikia koo limechoka kiasi gani, na hiyo inamtosha. Akiona mstari wa pili unayumba, anaongeza kidogo sauti ya kinanda inayoongoza wimbo. Mteja anarudi kitini akiamini ameimba vizuri, na kweli ameimba vizuri.

Umri wa mtu nao uhesabiwe. Mwenye miaka hamsini leo hakulelewa na enka. Utoto wake ulikuwa wa mwimbaji Matsuda Seiko na "Akai Sweet Pea" ya 1982, kisha ukaja ujana wa bendi za miaka ya tisini kama Spitz. Wimbo ulioujua ukiwa na miaka kumi na mitano hauhitaji kukumbukwa, unatoka wenyewe, na hilo ni nusu ya wepesi. Ila Kusano Masamune wa Spitz ana sauti nyembamba ya juu, na mwanamume anayejaribu "Cherry" ya 1996 kwa kii ya rekodi atabanwa kwenye kiitikio. Ashushe nusu-toni tatu. Kitufe kimewekwa kwa ajili hiyo, na kukitumia ni heshima kwa wimbo na kwa wanaosikiliza. Asiye na uhakika na aende mchana peke yake kwenye chumba cha karaoke, kama wafanyavyo Wajapani wengi, ajaribu kii moja baada ya nyingine mpaka apate inayomkaa.

Nawe ukialikwa na wenyeji huko Japani na kukabidhiwa kipaza sauti, omba "Itsudemo Yume o" ya 1962, waliyoiimba pamoja Hashi Yukio na Yoshinaga Sayuri. Mwendo wake ni wa kutembea, wimbo wenyewe unajulikana na wazee kwa vijana, na kwa kuwa ni wa watu wawili utapata pa kupumua. Shusha kii bila aibu, na mpe kipaza sauti cha pili yule aliyekaa kimya kuliko wote.