Uzito Ukiwa na Risasi

Jumamosi jioni, mvua ya Eldoret ikishaanza kupiga mabati, nyumbani kwangu hapa Pioneer tunakaa wanne mezani na dadu tatu za Ludo. Zinatosha. Mchezo wetu, GURPS, ambao Steve Jackson aliutoa Marekani mwaka 1986, hauhitaji dadu zaidi ya hizi za pande sita. Mmoja anasimulia, watatu wanakuwa watu wa hadithi, na hadithi ikifika penye shaka, dadu zinaamua.

Leo namsifu mtu ambaye hatujawahi kukaa naye mezani: yule anayeandika majedwali ya bunduki katika vitabu vya michezo kama huu.

Kazi yake ina wakongwe wake. Kevin Dockery alikuwa miongoni mwa waliobuni mchezo wa The Morrow Project mwaka 1980, na mwaka 1991 akatoa Compendium of Modern Firearms, kitabu kizima cha bunduki za kisasa kwa ajili ya wachezaji. Michael Hurst aliandika kitabu cha GURPS kiitwacho High-Tech mwaka 1988. Toleo la 2007 alilifanya pamoja na Shawn Fisher na Hans-Christian Vortisch, na hilo ndilo tunalolitumia hapa kwangu, kurasa zake zimeshaanza kulegea kwa kushikwashikwa.

Wapo wanaodhani vitabu hivi vinaitukuza bunduki. Nawaomba wasome mstari mmoja tu, polepole. Kwenye sinema bunduki haina uzito na risasi zake haziishi. Kwenye jedwali, G3, ile ile tunayoiona kila siku begani mwa polisi wetu, ina risasi 20, na ya ishirini ikitoka mchezaji lazima aseme anabadilisha magazini huku wenzake wakimsubiri na adui akizidi kusogea. Ina namba ya uzito. Ina namba inayoonyesha inavyosumbua mlangoni na ndani ya gari kwa urefu wake. Mwandishi amepewa upana wa kiganja, na humo lazima aingize chuma, mbao, baruti na mkono wa binadamu.

Jirani yangu mmoja ni askari polisi mstaafu aliyeibeba G3 miaka mingi huko Turkana. Jioni moja mvua ilimkamata mlangoni kwetu, akaingia, akapewa chai, akavaa miwani na kuichukua karatasi ya jedwali tuliyokuwa tumeichapisha kwenye cyber. Alisoma kimya. Kisha akauliza, "Huu uzito, wameandika ikiwa tupu ama ikiwa na risasi?"

Nikamwonyesha. Kwenye safu ya uzito kuna namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju: ya kwanza ni bunduki ikiwa imejazwa, ya pili ni risasi za kujazia mara nyingine, peke yake. Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole magazini alizokuwa akitembea nazo, akizidisha, midomo ikicheza. Akairudisha karatasi mezani kwa mikono miwili. "Huyu aliyeandika," akasema, "alimuuliza mtu aliyeibeba."

Sijasoma sifa ya kitabu chochote iliyoizidi hiyo.

Namba ninayoipenda mimi ni nyingine: ile ya kukwama. Bunduki ya kawaida huhesabiwa 17, yaani ukitupa dadu tatu zikaleta 17 au 18, haifanyi kazi. Kwa dadu tatu hilo hutokea mara 4 katika 216. Ni mara chache, lakini mchezaji hajui itakuja lini, na hiyo ndiyo hofu ya mwenye bunduki yoyote. Ndani ya namba hiyo ndogo kuna vumbi, mafuta yaliyokauka na magazini iliyopinda. Na hapa Eldoret mambo haya si ya sinema tu: mji huu una kiwanda cha risasi, cha Kenya Ordnance Factories, tangu 1997. Kwetu risasi ni kitu kinachotengenezwa na watu wanaoamka asubuhi kwenda kazini, na ninashukuru kuona kitabu cha mchezo kikiipa uzito wake.

Mwaka huu tuliamua kucheza hadithi ya 1953, msitu wa Nyandarua, baada ya kituo cha polisi cha Naivasha kuvamiwa na Mau Mau mwezi Machi na bunduki zake kuchukuliwa. Lee-Enfield tuliikuta kitabuni tayari, risasi 10, zikipakiwa tano tano. Zile bunduki za msituni ambazo wapiganaji walijitengenezea kwa bomba la maji na mpira, hizo ilibidi niziandike mwenyewe. Mstari mmoja ulinila jioni tatu. Risasi: 1. Masafa: nikaandika, nikafuta, nikapunguza, nikapunguza tena. Kwenye kukwama nilianza na 14, nikaona nawadanganya watu wale. Bunduki hizo ziliweza kumpasukia mwenyewe mikononi, na bado walizibeba. Nikaandika 12. Hiyo ni mara 81 katika 216. Kalamu ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia.

Aliyepewa bunduki hiyo ni kijana mdogo kuliko sote, anayependa kufyatua kabla msimulizi hajamaliza sentensi. Usiku ule aliutazama mstari wangu kwa muda. Doria ilipopita chini ya mianzi, hatua thelathini tu mbele yake, nikamuuliza anafanya nini. Alizikusanya dadu tatu, akazifunika kwa kiganja mezani, akasema kwa sauti ya chini, "Nalala chini. Nawaacha wapite."