Sanduku la Mbingu: kakao inavyopata ladha yake

Mbegu ya kakao ikitolewa katika tunda na kuanikwa juani papo hapo, haitakuwa na harufu ya chokoleti hata ikikaangwa kwa ustadi gani. Itabaki chungu, yenye ukakasi, na ukiipasua kwa kisu utakuta rangi ya kijivu. Hakuna kiwanda cha Uswisi kitakachoipa harufu hiyo. Ladha huanzia kijijini, katika wiki ya kwanza baada ya kuvuna. Ndiyo maana nataka wakulima wa kahawa wa Kimilili na Chesikaki, huku kwetu Bungoma nchini Kenya, watazame yaliyofanyika Mbingu, kijiji kilicho katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ambako kampuni ya Kokoa Kamili ilianza kazi mwaka 2013.

Tatizo walilolishughulikia ni la wingi. Kakao huvundikwa, yaani huchachushwa katika lundo, ili ipate joto, na joto halipatikani kwa ndoo moja. Mkulima mwenye miti michache huvuna kidogo kidogo, na lundo lake dogo hupoa usiku, likaota ukungu kabla ya kuiva. Akichoka kusubiri, huanika hivyo hivyo. Kokoa Kamili waliamua kununua mbegu zikiwa bado mbichi, na ute wake, kutoka kwa wakulima wengi, kisha wakazivundika kwa pamoja katika masanduku ya mbao na kuzikausha wenyewe. Mkulima hupata pesa zake mapema na kazi ya kuvundika humtoka mikononi. Kwa mizani ya kawaida, kilo 100 za mbegu mbichi hutoa kavu zisizofika hata nusu, kwa hiyo bei ya mbichi lazima ipigiwe hesabu vizuri, la sivyo mkulima au kampuni itaumia.

Kinachotokea sandukuni kinastahili kutazamwa kwa karibu. Siku ya kwanza hamira za asili huula utamu wa ute na kuugeuza pombe. Ute huyeyuka na kuchuruzika chini kupitia nafasi za mbao. Ute ukishapungua, hewa huingia. Hapo mbegu huhamishwa kutoka sanduku moja hadi jingine kwa koleo, na bakteria wa siki hushika zamu. Hao ndio wanaoleta joto: lundo hufika nyuzi 45 hadi 50, na ukitia mkono katikati utautoa haraka. Joto na siki huiua mbegu. Ikishakufa haiwezi kuota tena, kuta za seli zake hupasuka, protini na sukari huvunjwavunjwa, na zambarau ya ndani huanza kuwa kahawia. Vipande hivyo vya protini na sukari ndivyo vitakavyokutana baadaye kwenye kikaango na kutoa harufu tunayoijua. Siku tano hadi saba hutosha. Zikizidi, lundo hunuka uvundo.

Mtu wa kiwanda cha kahawa ataona mambo anayoyafahamu: mizani, foleni ya wakulima, matangi, vitanda vya kuanikia. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kahawa huchachushwa ili ute uachie ganda na kuoshwa. Mara nyingi kazi hiyo huchukua saa chache hadi siku moja na nusu, na baridi ya Mlima Elgon huchelewesha. Buni iliyokaushwa na tunda lake bado itanywewa kama kahawa, ingawa kwa bei ndogo. Kakao haisamehe hivyo. Mnunuzi huchukua sampuli ya mbegu 300, akazipasua moja moja na kuhesabu za kijivu na za zambarau.

Je, tupande kakao huku kwetu? Swali hili linaulizika, hasa baada ya bei ya New York kupita dola 12,000 kwa tani Desemba 2024, mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalipoyumba. Kitale, katika Trans Nzoia, karibu mita 1,900 juu ya bahari, jibu ni hapana. Kakao ni mti wa msitu wa Amazon, na usiku wa huko una baridi mno kwake. Bungoma ya chini, upande unaoteremkia Busia, ina joto zaidi, na Uganda wanavuna kakao Mukono, takriban mita 1,200. Lakini kiangazi cha Desemba hadi Februari kitahitaji maji na kivuli cha migomba. Migomba hiyo ina kazi nyingine pia. Maua ya kakao huota kwenye shina lenyewe na huchavushwa na visubi, ambao huzaliana katika majani na mashina yanayooza. Shamba lililofagiwa likang'aa, kama tunavyopenda huku kwetu, huzaa haba.

Mimi ningemshauri mtu wa Bumula, katika Bungoma hiyo ya chini, asinunue miche bado. Aulize kwanza ni nani atakayechukua mbegu zake mbichi siku ileile ya kupasua matunda, na kama majirani wanaotaka kupanda wanatosha kujaza sanduku moja kila wiki ya msimu. Vyama vya ushirika vya kahawa tunavyo, na watu wenye ujuzi wa kuchachusha wamo ndani yake. Hao ndio wapewe swali hili, kabla ya muuza miche kufika.