Timu ya binti yako ipimwe ugenini

Mzazi wa Kigoma anayemtafutia binti yake timu ya soka kwa kawaida huenda Lake Tanganyika, uwanja uleule uliobeba fainali ya Simba na Yanga Julai 2021, au kiwanja cha shule ya jirani. Husimama pembeni mpaka kipyenga cha mwisho, akaondoka na idadi ya mabao kichwani. Kipimo hicho hakitoshi. Timu yoyote ya huku ikishavuka ligi ya mkoa itaishi njiani, ipende isipende, na mechi ya nyumbani haioneshi inavyoishi huko.

Chukua mfano wa Sisterz. Ligi Kuu ya Wanawake ilipoanza msimu wa 2016/17 ilikuwa na timu 12 katika makundi mawili. Sisterz wa Kigoma walipangwa na akina Marsh wa Mwanza, Baobab wa Dodoma na Majengo wa Singida. Kwa timu inayotoka ukingoni mwa ziwa, kundi hilo lilikuwa na unafuu: ukishafika Tabora, Singida na Dodoma zinafuatana. Baadaye makundi yakaondolewa, timu zote 12 zikakutana nyumbani na ugenini. Wapinzani watano wakawa 11, wakiwamo Mapinduzi Queens wa Njombe na Mlandizi Queens wa Pwani, waliokuwa mabingwa wa kwanza wa ligi hiyo. Watu walishangilia, na kwa haki, maana ligi ilikuwa imekua. Ila mzigo wa kukua huko haukugawanywa sawa. Klabu ya Dar ikicheza Mlandizi, wachezaji wanarudi kulala kwao. Kutoka Kigoma hadi Dar reli peke yake inazidi kilomita 1,200.

Ukiwa na ratiba ya namna hiyo na mfuko mwembamba, njia ni moja: kuunganisha mechi. Unatoka mara moja, unacheza Singida, unapumzika siku mbili tatu, unacheza Dodoma, ndipo unageuza. Mzazi aitazame sana ile mechi ya pili. Mechi ya kwanza kila kocha anapanga kikosi chake bora. Ya pili inaonesha kama ana watu wengine. Mabeki wa pembeni wakiwa walewale, kiungo aliyechechemea juzi yumo tena tangu dakika ya kwanza, na benchi lina watoto wawili waliovaa jezi kubwa kuliko miili yao, ujue timu hiyo imesafiri ikiwa pungufu. Binti yako akisajiliwa hapo, ama atachezeshwa mpaka goti limshinde, ama atakuwa miongoni mwa wanaoachwa stendi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kiongozi lisiwe mmesajili wangapi. Uliza safari ya mwisho walipanda basi wangapi. Tuseme timu imesajili 25 na inasafiri na 16. Hapo watoto tisa ni wachezaji wa mazoezi tu, hata kama leseni zao zimetoka. Kama binti yako ni kipa, swali ni zito zaidi, kwa sababu nauli ikipungua, wa kwanza kukatwa ni kipa wa pili. Viongozi hudhani hana kazi. Nimeona golini akiwekwa mshambuliaji aliyevaa glovu za kuazima, kipa aliyeumia akitazama kutoka kwenye nyasi, na hapakuwa na mtu aliyeonekana kushangaa.

Majibu kama haya usiyatafute kwa kocha pekee. Waulize wasichana wenyewe, hasa wa benchi: mlilala wapi, wangapi chumba kimoja, mlikula nini kabla ya mechi, matroni alikuwa nani, alilala nanyi au alibaki Kigoma? Timu ya wasichana walio chini ya miaka 18 inayosafiri bila mwanamke mtu mzima anayejulikana na wazazi, mimi nisingempa mwanangu hata kama inaongoza ligi. Wala sisubiri litokee jambo ndipo nijengewe hoja.

Mzazi wa Marekani anayemchagulia binti yake timu ya softiboli ya kusafiri hana haya kuuliza haya yote, maana ada, hoteli na mafuta ya gari vyote vinatoka mfukoni mwake. Kwetu klabu ndiyo hulipa nauli, pengine kwa kuchangisha, basi mzazi huona kama anakosa adabu akihoji. Usione hivyo. Klabu imelipa nauli, wewe umetoa mtoto.

Kuna na suala la shule, ambalo naliona kubwa kuliko mabao yote. Safari ya mechi mbili inaweza kumlia binti wiki nzima ya masomo. Ndiyo maana timu zilizozaliwa ndani ya shule zimefanya vizuri: Alliance Girls ya Mwanza, alikopita Aisha Masaka kabla ya Yanga Princess, kisha Häcken ya Sweden na Brighton ya Uingereza, na Fountain Gate ya Dodoma, ambayo wasichana wake walitwaa ubingwa wa shule za Afrika mjini Durban mwaka 2023 na kuiletea shule dola 300,000. Huko ratiba ya mechi na ratiba ya mitihani zinapangwa na watu wanaokaa ofisi jirani. Ukikosa shule ya hivyo hapa, UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, bado ni njia halali kabisa. Inachukua muda mfupi, mkoa ndio unaosafirisha, na walimu ndio walezi. Umbali wake hubadilika, kweli: mwaka 2021 ilikuwa Mtwara, upande wa pili wa nchi, na 2022 ilikuwa Tabora. Kwa binti wa kidato cha pili ningeanzia hapo, kisha klabu ije baadaye.

Jambo lingine halizungumzwi. Kwa upande wa wanaume, klabu ndogo iliyomlea kijana huweza kudai fidia ya mafunzo akisajiliwa nje ya nchi. Kwa kanuni za FIFA, fidia hiyo haihusu soka la wanawake. Maana yake klabu ya Kigoma inayomfunza binti yako miaka mitano haina malipo hayo ya kuyasubiri. Usiichukie ikiomba mchango wa jezi. Lakini pia usishangae ikimtumia sana msimu huu, kwa sababu faida yake ya uhakika ni mechi za msimu huu.

Na kwa kuwa tunaishi mpakani, yatakuja maneno ya Burundi na Kongo. Kanuni ya FIFA inazuia mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo ni ya watu wa mpakani: nyumbani kwake pasizidi kilomita 50 kutoka mpakani, klabu nayo isizidi kilomita 50 upande wa pili, aendelee kuishi kwao, na vyama vya soka vya nchi zote mbili viridhie. Binti wa Kagunga anaweza kucheza Nyanza-Lac akarudi kulala kwa mama yake. Binti wa Uvira, kule Kongo, anaweza kucheza Bujumbura. Binti wa Ujiji hawezi kupitia mlango huo, kwa kuwa Bujumbura iko mbali na mpaka wetu kupita hizo kilomita 50. Anayekuja na ahadi ya timu ya Bujumbura kwa msichana wa miaka 15 aeleze anatumia kifungu gani, na aeleze mbele ya mtu wa chama cha soka cha mkoa, siyo sebuleni kwako saa mbili usiku.