Ngome na Wenye Funguo: Uchunguzi wa Istilahi za Ulinzi wa Mtandao

Istilahi haipimwi kwa utamu wa sauti yake, bali kwa kazi inayofanya. Katika makala hii tunakusudia kuchunguza istilahi tatu zinazoonekana katika maelekezo ya ulinzi wa kompyuta maofisini: ukuta wa moto, ufikiaji na msimamizi. Mfano wetu ni Arusha, mji ambamo Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Novemba 1999. Kifungu cha 137 cha Mkataba huo kinataka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Lugha iliyopewa kazi hiyo haina budi kumweleza karani, bila utata, namna ya kulinda majalada yake.

1. Ukuta wa moto. Hii ni fasiri ya neno kwa neno, nayo imegeuza maana. Dhana ya asili ni ukuta uliojengwa ili moto usivuke. Fasiri yetu inaleta picha ya ukuta unaowaka. Mkazi wa miteremko ya Meru, aliyezoea kuona njia zilizofyekwa katika mashamba ya miti ili moto ukome hapo, ataishangaa. Tunapendelea ngome ya mtandao, ambayo baadhi ya wafasiri wanaitumia tayari. Boma la Arusha, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, linatosha kuwa mfano: kuta, lango, na mtu mwenye funguo. Mwalimu aongeze tu kwamba ngome hii hukagua yatokayo pamoja na yaingiayo.

2. Ufikiaji. Neno hili limebebeshwa dhana mbili. Taarifa kupita langoni ni jambo moja. Mtu kuruhusiwa kubadili masharti ya lango ni jambo jingine. Agizo lisemalo "zuia ufikiaji kutoka nje" halimwambii fundi azuie lipi. Akizuia la kwanza tu, huenda ukurasa wa kubadilishia masharti ukabaki wazi kwa intaneti nzima, ilhali ungepaswa kufunguka kwa kompyuta chache za ndani zilizotajwa. Tunapendekeza upitaji kwa dhana ya kwanza, na mamlaka ya usimamizi kwa ya pili.

3. Msimamizi. Hapa ndipo penye hatari kubwa. "Msimamizi atumie nywila yake" ni sentensi sanifu, lakini nomino ya Kiswahili haina kibainishi cha kuonyesha kama anayetajwa ni mmoja au yeyote. Ofisi yenye mafundi watatu inaweza kuielewa kuwa akaunti ni moja na nywila ni moja. Likitokea badiliko baya, kumbukumbu zitaonyesha "msimamizi" tu, wala hatajulikana aliyelifanya. Fundi akihamishiwa Dodoma, ataondoka na ufunguo kichwani. Mfasiri hana budi kuandika: "Kila msimamizi awe na akaunti yake na nywila yake, athibitishwe kwa hatua ya pili, na akaunti hiyo ifungwe siku anapohama." Neno kila si pambo, ndilo linalobeba agizo.

Watasema wengine kwamba mafundi huelewana kwa Kiingereza. Huenda, lakini anayeidhinisha orodha ya wenye funguo mara nyingi ni mkuu wa ofisi, naye husoma Kiswahili. Tunawaomba wafasiri na walimu wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, kisha watuletee maoni.