Namba Aliyoipima Lucas kwa Mkono

Chukua mbili 127, zizidishe zote pamoja, kisha toa moja. Utapata 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727, namba yenye tarakimu 39. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alitangaza kuwa ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kompyuta hazikuwapo, kazi yote ilifanyika kwa mkono.

Asiye fundi angeanza kugawa kwa 3, kwa 5, kwa 7, na kila namba witiri hadi afike kwenye kipeuo cha pili cha namba hiyo. Hata akigawa mara moja kila sekunde, bila kula wala kulala, angehitaji zaidi ya miaka bilioni mia moja. Lucas hakutafuta kigawo hata kimoja.

Njia yake, ambayo Mmarekani D. H. Lehmer aliinyoosha miaka ya 1930, tuijaribu kwa namba ndogo: 31, yaani mbili tano zilizozidishwa pamoja, kutoa moja. Anza na 4. Mraba wake ni 16. Toa 2, inabaki 14. Mraba wa 14 ni 196. Toa 2, unapata 194. Gawa kwa 31, baki ni 8. Mraba wa 8 ni 64. Toa 2, ni 62. Gawa kwa 31: hakibaki kitu. Basi, 31 ni tasa. Mbili zilikuwa tano, hatua zikawa tatu. Kwa mbili 127, hatua ni 125. Ni chache, lakini kila moja inadai mraba wa namba ndefu kama ile ya juu, na tarakimu moja ikiteleza, yote yanayofuata ni bure.

Ajabu zaidi, mwishoni kikibaki kitu, kipimo hiki hukwambia namba si tasa bila kukuonyesha vigawo vyake. Mwaka 1644 mtawa Mersenne alidai kuwa mbili 67, kutoa moja, ni tasa. Lucas akapima, akasema sivyo. Vigawo vyenyewe vilisubiri hadi 1903, Frank Nelson Cole alipovionyesha mbele ya wanahisabati wenzake huko Marekani: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Husimuliwa kwamba alizidisha ubaoni, akaketi bila kutamka neno. Mimi ningelipa kiingilio kuona hesabu ile.

Wapo watakaouliza namba ya Lucas inauzwa duka gani. Haiuzwi. Ilishika rekodi kwa miaka 75, mpaka 1951, na hakuna kubwa kuliko hiyo iliyothibitishwa kwa mkono mtupu. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana kwa kompyuta zenye nguvu kubwa. Ili kuithibitisha, zilitumia kipimo kile kile: mraba, toa mbili, tafuta baki.