Laptopu ya Kuishi Bweranyange

Ulizia Kayanga au Omurushaka, huku mkoani Kagera, laptopu iliyo imara, utatajiwa Dell, HP au Lenovo, kutegemea anayejibu ana mzigo gani dukani. Jina la kwenye mfuniko ni la muuzaji tu. Mashine nyingi huundwa na kampuni chache za Taiwani, kama Quanta, Compal na Wistron, ambazo huzifanyia kazi chapa zinazoshindana. Na jina lenyewe huhama: ThinkPad ilizaliwa IBM mwaka 1992 ikahamia Lenovo mwaka 2005, na Toshiba, iliyosifiwa sana enzi zake, iliiuzia Sharp sehemu kubwa ya biashara yake ya kompyuta mwaka 2018, ikajitoa kabisa mwaka 2020.

Kinachopaswa kuulizwa ni ukoo ndani ya chapa. Lenovo hiyo hiyo huuza ThinkPad kwa makampuni na IdeaPad kwa mnunuzi wa nyumbani; Dell, hadi mwaka 2025, ilikuwa na Latitude upande mmoja na Inspiron upande wa pili; EliteBook ni ya HP ya maofisini. Mashine za ofisini zilitengenezwa kwa mteja anayenunua mamia kwa mkupuo na mwenye mafundi wake, kwa hiyo vitabu vya kuzifungua, skrubu kwa skrubu, vimechapishwa na kila mtu anaweza kuvisoma. Mteja huyo akishazitumia miaka mitatu, minne, huzitoa, na nyingi hufika Kariakoo kama mtumba. Kwa mwalimu wa kijijini Bweranyange anayetunga mitihani na kujaza taarifa za wanafunzi, napendekeza mtumba wa namna hiyo kuliko mpya ya bei ile ile, ambayo mara nyingi bawaba zake zimeshikwa na plastiki na RAM imechomelewa kwenye bodi.

Umri wa mtumba una kikomo lakini. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, ukiacha chache. Kwa hiyo tuanzie mashine za mwaka 2018. Mbili zinastahili kuwekwa mezani pamoja: ThinkPad T480 na Latitude 7490. Zote zina nafasi mbili za RAM, na prosesa zake ni za wati 15, zisizokula sana.

Mkoa wa Kagera umetegemea kwa miaka mingi umeme unaotoka Uganda, na kijiji kilicho mwisho wa laini ndefu ndicho kinachopata umeme mdogo kila mtu anapowasha taa. Chaja ya laptopu huvumilia, kwa sababu imeandikwa volti 100 hadi 240. Umeme ukikatika kabisa, kazi inabaki kwa betri, na hapo T480 inaongoza: ina betri mbili, ya ndani ya wati-saa 24 na ya nje inayoweza kufika 72. Ya nje unaichomoa na kupachika nyingine mashine ikiwa inawaka. Modeli iliyofuata, T490, iliondoa mpango huo, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa hasara.

T480 ina ugonjwa wake. Huchajiwa kwa USB-C tu, na tundu hilo limechomelewa kwenye bodi kuu. Mtoto akijikwaa kwenye waya, jeraha ni la bodi. Isitoshe, programu ndogo inayoendesha mlango wake wa USB-C wa aina ya Thunderbolt ilikuwa na kasoro iliyoweza kuufanya mlango huo ukatae chaja. Lenovo ilitoa marekebisho, nayo huwekwa kabla tatizo halijatokea. Latitude 7490 ina tundu la duara pamoja na USB-C, na lile la duara ni kipande cha peke yake kinachobadilishwa. Ila Dell huitambua chaja yake kwa pini nyembamba ya katikati: pini ikipinda, mashine inawaka lakini inakuwa nzito na haichaji, mwenyewe anadhani betri imekufa, ananunua nyingine bure.

Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika Bweranyange kwa mfalme, Omukama Rumanyika, mwaka 1861, bidhaa zake zilikuwa zimepandishwa kutoka pwani. Spea za laptopu nazo hutoka huko huko, tofauti ni basi. Kipande kidogo cha tundu husafiri kirahisi kuliko bodi nzima, ndiyo maana kwa kompyuta ya ofisi inayoshikwa na watu wengi ningechukua Latitude, na T480 ningempa mtu mmoja mwenye sola nyumbani.

Mwenye sola apewe na neno hili. Wengi huunganisha inveta, ikapandisha volti 12 hadi 230, kisha chaja ikazishusha tena hadi 20. Njiani umeme unapotea kama joto. Chaja ya gari ya USB-C ya wati 45 au 65, inayotoa volti 20, ikiungwa kwenye betri ya sola kupitia fyuzi, huichaji T480 bila inveta. Kwa uandishi wa kawaida mashine hii hula wati nane hivi, maana yake betri ya 72 ikiwa nzima inakaribia saa tisa. Ya mtumba haitakuwa nzima: kwenye dirisha la amri la Windows andika powercfg /batteryreport uone uwezo uliobaki dhidi ya ule wa kiwandani.

Kabla ya kulipa, ingia kwenye BIOS mbele ya muuzaji. Ikidai nenosiri, hiyo bado ina kufuli la kampuni iliyoitumia, na kwenye ThinkPad kung'oa kibetri cha saa hakulifungui.