Mzee, Hii Inaingia

Wauza matairi wa Kariakoo wana neno moja ambalo ningependa kulisahihisha kama nilivyosahihisha insha za walimu wanafunzi kwa miaka mingi. Neno lenyewe ni “inaingia”. Mwambie kijana wa dukani, Gerezani au Mtaa wa Msimbazi, kwamba unatafuta tairi la Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa kobe. Hatakuuliza namba. Atauliza rimu ni ya inchi ngapi, kisha atavuta tairi la 195/65R15 kutoka kwenye rundo na kusema, “Mzee, hii inaingia.”

Hasemi uongo. Rimu ni ya inchi 15 na tairi ni la inchi 15. Lakini kuingia si kukaa. Gari hilo lilizoea tairi la 5.60-15, au 165R15. Rimu zake zina upana wa inchi 4, au 4 na nusu kwa zile za baadaye, na tairi la milimita 195 linataka rimu isiyopungua inchi 5 na nusu. Likibanwa kwenye rimu nyembamba, mbavu hutuna, gari likayumba kwenye kona.

Halafu kuna ile herufi R, ambayo wengi huipita kama pambo. Inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Matairi ya zamani yasiyo nayo yana nyuzi za mshazari, na tabia yake barabarani ni tofauti kabisa. Kuchanganya aina hizo mbili kwenye ekseli moja ni hatari. Nimeyaona yamechanganywa, tena kwenye gari lililofungwa utepe wa bibi harusi! Sisi wenye magari haya hatuna budi kulaumiwa pia: hatubanii rangi wala kroma, ila tukifika kwenye tairi tunaomba punguzo.

Neno la pili, na ndilo linalonitia hofu zaidi, ni “mpya”. Kwa muuzaji, tairi jipya ni lile ambalo halijatembea. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo, na joto la Dar es Salaam haliusaidii. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, pana tarakimu nne: 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Ukikuta tatu tu, hilo ni la karne iliyopita. Michelin wenyewe hushauri tairi liondolewe likifikisha miaka 10, hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Niliwahi kuletewa 5.60-15 halisi, kipimo chenyewe kabisa, limepakwa dawa nyeusi likang’aa. Tarakimu zilikuwa tatu. Nililikunja kidogo kwa kidole gumba na nyufa zikafunguka kama ardhi ya kiangazi. Muuzaji alishangaa nilipolirudisha, maana nilikuwa nimezunguka juma zima. Kiti cha nyuma cha gari langu hukaliwa na wajukuu watatu.

Siwalaumu vijana hawa kwa uhaba. Zamani tulikuwa na General Tyre ya Arusha, na kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2009. Mwenye Land Rover ya zamani inayovaa 7.50-16 ana bahati, kwani Land Cruiser za kazi bado huvaa kipimo hicho. Sisi wengine hutegemea watengenezaji wa nje, kama Michelin, au Coker wa Chattanooga, Marekani, ambao kazi yao ni matairi ya magari ya kale. Bei ni kubwa, na nauli ya meli ni balaa jingine.

Ninachowalaumu ni kuogopa neno “hakuna”. Katika mzunguko wangu wote, nililisikia mara moja tu, kutoka kwa mzee mmoja wa Gerezani. Alisoma namba niliyoandika kwenye karatasi, akavua miwani, akasema, “Hakuna, mwalimu. Na watakaokwambia wanayo, tazama tarehe.” Kisha akaniuliza kama rimu zangu ni zile za kale zisizo na kijituta cha kushika ukingo wa tairi, kwa sababu hizo, hata ukipata R, lazima utie tyubu. Ni zile. Tyubu tano nilizinunua kwake siku hiyohiyo, kabla sijapata tairi hata moja.